DeanSpace

DeanSpace ilikuwa programu huria ya kutengenezea tovuti za kampeni, iliyobuniwa Marekani mwaka 2003 na wafuasi wa kujitolea wa Howard Dean, gavana wa zamani wa Vermont aliyewania kuteuliwa na chama cha Democratic kugombea urais wa 2004. Msingi wake ulikuwa Drupal, mfumo wa kuendeshea tovuti ulioanzishwa na Mbelgiji Dries Buytaert na kutolewa kwa leseni huria mwaka 2001.

Leseni hiyo ndiyo iliyoleta tofauti. Wanafunzi wa chuo au wakazi wa mtaa mmoja waliweza kuichukua programu bila kulipa wala kusubiri ruhusa ya makao makuu, wakairekebisha, wakatangaza mikutano yao, wakasajili watu wa kujitolea na kupashana habari na tovuti za makundi mengine. Aliyebuni kipengele kipya aliwanufaisha wote. Gharama iliyobaki ilikuwa seva na, kubwa zaidi, mtu wa kuilinda orodha ya wafuasi. Kikundi kisicho na mtu huyo kinawaweka hatarini watu waliokiamini.

Dean alijitoa Februari 2004, lakini programu iliendelezwa kwa jina la CivicSpace. Mwaka 2005 ilitoka CiviCRM, programu huria inayofanya kazi pamoja na Drupal hiyohiyo, ya kutunza kumbukumbu za wanachama, michango na mikutano, ambayo asasi za kiraia za nchi nyingi zinaitumia hadi leo.