R: Lugha ya takwimu inayochanganua faili lako kwenye kivinjari

R ni lugha ya programu iliyobuniwa mahsusi kwa kazi za takwimu na uchoraji wa grafu. Waasisi wake ni Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walioianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jina lake latokana, kwa sehemu, na herufi ya kwanza ya majina yao. Toleo la 1.0.0 lilitolewa Februari 29, 2000, na hadi leo R hutumiwa bila malipo.

Hapo awali, aliyetaka kuitumia alilazimika kuiweka katika tarakilishi yake na kujifunza amri zake. Mnamo 2012 kampuni ya RStudio, ambayo tangu 2022 huitwa Posit, ilitoa Shiny. Hizi ni zana zinazomwezesha mtaalamu kuunda ukurasa wa mtandao ambapo hata asiyejua amri moja ya R hupakia faili lake, akabonyeza kitufe na kuonyeshwa wastani, majedwali na grafu.

Tuchukue mfano wa mwalimu mwenye orodha ya alama za wanafunzi. Akiipakia, aghalabu faili husafiri hadi kwenye seva, likahifadhiwa kwa muda, kisha R iliyoko huko hulisoma na kupiga hesabu. Kivinjari hupokea matokeo tu. Kwa kawaida Shiny hukataa faili linalozidi megabaiti 5, ingawa mwenye ukurasa anaweza kuongeza kiwango hicho.

Hapo ndipo penye utata. Orodha ya mwalimu ina majina ya watoto. Ya zahanati ina maradhi ya watu. Ikishapakiwa, imo mikononi mwa mwenye seva. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti.

Njia nyingine ni WebR, ambayo toleo lake la kwanza lilitangazwa 2023. Hapa R yenyewe hugeuzwa kuwa katika muundo wa WebAssembly, unaoeleweka na vivinjari vya kisasa, kisha ikaletwa kwa mtumiaji. Badala ya faili kuifuata R, R hulifuata faili. Hata hivyo, ukurasa huchukua muda kufunguka mara ya kwanza, na faili kubwa mno huweza kuishinda kumbukumbu ya kivinjari.

Utajuaje hesabu zinafanyiwa wapi? Subiri ukurasa ufunguke kikamilifu, ukate intaneti, kisha uchague faili. Matokeo yakitokea, yamepatikana katika tarakilishi yako. Hata hivyo, hiyo si hakikisho kwamba ukurasa hautatuma chochote intaneti ikirudi. Kwa hivyo, kabla ya kupakia orodha yoyote, ondoa majina na uweke nambari mahali pake. Wastani hautabadilika, na siri ya mwenye jina itabaki kwako.