Tiketi ya Tunduma: jina lako linakwenda wapi?



Mwaka jana nilimsindikiza binamu yangu, bi harusi wa wiki tatu, kwenda kwa mumewe Tunduma. Mume anauza vitenge karibu na mpaka. Tiketi za basi tulikata kwa simu tukiwa bado Unguja, na kila tulichoulizwa tulijaza: majina kamili, namba ya simu, jinsia, kituo cha kupandia. Safari ni ndefu, zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, lakini tulifika salama, alhamdulillah.

Usiku wa pili simu ya bi harusi ikaita. Sauti ya mwanamume asiyemjua, anamwita kwa majina yake yote, anamuuliza kama amefika salama na anakaa mtaa gani. Mume yupo pembeni anasikiliza. Maswali yaliyofuata mnayajua wenyewe, na yeye masikini hakuwa na jibu. Yule mtu hakuwa na pengine pa kulipata jina na namba kwa pamoja isipokuwa kwenye orodha ya abiria. Ndoa ya wiki tatu ikatikiswa na kijikaratasi cha tiketi.

Ndipo nikaanza kujiuliza, wazee wetu walisafirije?

Njia hiyo hiyo ina Reli ya Uhuru, TAZARA, iliyoanza kujengwa 1970 na kukabidhiwa 1976. Ina kilomita 1,860 mpaka New Kapiri Mposhi, Zambia, na katika hizo 975 ziko upande wetu, zikiishia hapo Tunduma. Kwa miaka mingi tiketi ya kawaida ya garimoshi, hapa na kwengineko, ilikuwa kipande chenye namba, mahali unakotoka na unakokwenda. Aliyeshika kipande ndiye msafiri. Karani hakuhitaji kujua wewe ni binti wa nani.

Msidhani lakini kwamba zamani watu hawakuandikwa. Wanaume waliovuka mpaka ule kwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba wakati wa Mwingereza walitakiwa wawe na cheti walichokiita chitupa. Kenya nako, tangu 1920, mwanamume Mwafrika alivaa kipande shingoni ndani ya kikopo cha chuma, kikiwa na alama za vidole vyake na habari za mwajiri wake. Kuandikwa kule hakukuwa kwa faida ya aliyeandikwa. Kulikuwa kwa ajili ya kumkamata akitoroka kazini. Nafikiri ndiyo maana mpaka leo wazee wengine wakiona mtu na kalamu na daftari wanauliza kwanza, "Unaandika nini?"

Sasa sisi wa visiwani tuna sababu yetu ya kutaka majina yaandikwe, na hii lazima niiseme hata kama inaniuma. Meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba. Kibali chake kilikuwa cha abiria 645. Tume iliyochunguza ilisema waliokuwemo ni zaidi ya 2,000. Wale waliozidi kwenye karatasi hawakuwa na majina ndani ya meli ile. Majina yao yalikuwa kwa mama zao na waume zao. Mwaka uliofuata, Julai, ikaja MV Skagit karibu na Chumbe. Na kabla ya hapo, Mei 1996 katika Ziwa Victoria, MV Bukoba ilizama huku abiria wa daraja la tatu wakiwa hawana orodha kabisa. Kwa hiyo mtu akiniambia jina lisiandikwe kwenye tiketi, mimi sikubaliani naye. Boti ya kwenda Dar wakikuomba kitambulisho, toa. Mwanamke ana haki ya kujulikana yuko wapi na watu wake.

Tatizo ni kile kinachofanywa na jina baada ya safari kwisha.

Na jambo hili limekua kwa haraka. Laini zetu za simu zilisajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na ambao hawakuwahi walianza kufungiwa Januari 2020. Tangu hapo namba ya simu ni mtu mzima, si namba tu. Na namba ya NIDA yenyewe, dada, itazame vizuri: tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ukimpa mtu namba hiyo umempa na umri wako. Wapo mabibi harusi wanaopiga picha tiketi na kuiweka kwenye status, "naenda kwa wangu," jina, siku, saa na namba ya kiti vyote vinaonekana. Jamani!

Si kila swali ni baya. Treni ya TAZARA, kwenye vyumba vya kulala, wanawake huwekwa mbali na wanaume isipokuwa familia imechukua chumba kizima. Hapo kuulizwa jinsia ni stara yetu wenyewe. Lakini mkata tiketi za basi la mchana anayetaka tarehe yako ya kuzaliwa anaitakia nini?

Swali hilo sasa lina sheria nyuma yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Anayekusanya taarifa zako anapaswa kukujulisha anazikusanya kwa lengo gani, asizitumie kwa jengine, na wewe unaweza kumlalamikia kwenye Tume. Waislamu tunalijua jambo hili kwa jina jengine. Suratun Nur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba za watu bila ya kuomba ruhusa na kutoa salamu, na wazee wakatufundisha hodi mara tatu, usipojibiwa rudi. Aliyepiga simu ile usiku hakubisha hodi.

Tuliwaandikia wenye basi. Walijibu kwa kuomba radhi, wakasema watalifuatilia, na mpaka leo tunasubiri. Mume, Mungu ambariki, aliamini alipoisoma barua tuliyoiandika.

Idd iliyofuata binamu alikuja nyumbani. Tiketi ya kurudi Tunduma aliikata dirishani, akaandikisha jina lake mwenyewe na namba ya mumewe. Karani akamuuliza, "Na ya kwako?" Akamjibu, "Ndiyo hiyo hiyo," akachukua tiketi akaitia mkobani.