Profesa Abdou Moumouni, mtu wa Niger aliyefanya kazi na joto la jua

Mwaka wa 2023, wanajeshi walipochukua madaraka nchini Niger, jirani yake Nigeria ilikata umeme iliokuwa inawauzia. Watu wa mji mkuu, Niamey, wakawa wanakaa masaa mengi gizani. Lakini chuo kikuu cha mji huohuo kina jina la mtu aliyetumia maisha yake kutafuta nguvu ambayo hakuna jirani anayeweza kuikata.

Abdou Moumouni Dioffo alizaliwa Tessaoua mwaka wa 1929, wakati wa ukoloni wa Wafaransa. Alisoma mpaka Paris, na mwaka wa 1956 alifaulu agregasyo ya fizikia, mtihani ambao hata Wafaransa wenyewe wengi wanaanguka. Akarudi kufundisha Afrika. Mwaka wa 1961 akaenda Moscow kujifunza mambo ya nguvu ya jua, kisha akafundisha Bamako, na tangu 1969 akaongoza ONERSOL, ofisi ya serikali ya nguvu ya jua kule Niamey.

Hapa kwetu mtu akisema jua, tunawaza paneli, betri na taa. Yeye alishughulika zaidi na joto. Chombo cha kupasha maji ni bati lililopakwa rangi nyeusi, limefungiwa ndani ya sanduku lenye kioo juu. Jua linapita kwenye kioo, bati linapata moto, na maji yaliyo kwenye mabomba yanapashwa. Maji ya moto ni mepesi, kwa hiyo yanapanda yenyewe hadi kwenye tanki, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Hakuna mashine ya kuyasukuma. Mchomeleaji yeyote wa Uvira akionyeshwa mara moja anaelewa. ONERSOL haikuishia kwenye kuandika ripoti: ilikuwa na karakana, ikatengeneza vyombo hivyo na kuviuza.

Tukumbuke kwamba miaka hiyohiyo, tangu 1971, uranium ya Arlit ilikuwa inachimbwa kwa ajili ya viwanda vya umeme vya Ufaransa. Sisi wenye Shinkolobwe tunaijua hadithi hiyo.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1964, alitoa kitabu juu ya elimu katika Afrika. Humo alitetea watoto wafundishwe kwa lugha zao wenyewe, hata sayansi. Kwangu mimi kitabu kile na karakana ile ni kazi moja: fundi asiyeelezwa kwa lugha yake atabaki kununua tu.

Alikuwa rekta wa chuo kikuu kuanzia 1979 hadi 1982, akafariki mwaka wa 1991. Chuo kilipewa jina lake baada ya kifo chake. Umeme wa Niamey ulizidi kutoka Nigeria, na huku kwetu bado kuna zahanati zinazochemsha maji kwa makala, jua likiwa juu ya bati.