Farasi Aliyeogopa Kivuli Chake

Sura ya tatu ya riwaya yangu ilikuwa na farasi. Shujaa wangu anakabidhiwa farasi dume ambaye hajawahi kupandwa na mtu, anamchapa mijeledi tangu asubuhi, na jua linapotua mnyama keshanyenyekea. Niliipenda sana sura ile. Tatizo, ndugu msomaji, ni kwamba farasi mwenyewe nimemwona kwa mbali tu, akiwa na askari mgongoni. Mengine yote niliyatoa kwenye sinema.

Rafiki yangu akaisoma akaniuliza, "We, farasi unamjua au unabuni tu?" Nikaona haya, nikaenda kutafuta vitabu.

Huko nikamkuta Xenophon, Mgiriki wa Athens, askari na mwandishi. Mwaka 401 K.K. alikwenda vitani Uajemi na mamluki wapatao 10,000, na akawa mmoja wa waliowaongoza kurudi. Katikati ya karne ya 4 K.K., keshakuwa mzee, akaandika kitabu kidogo juu ya kupanda farasi. Wagiriki wa siku zile hawakuwa na vikuku vya kukanyagia mguu, bwana! Mtu alishika manyoya ya shingo au akajiegemeza kwa mkuki wake, akaruka. Akishapanda, asikae kama yuko kitini, bali kama aliyesimama wima na kupanua miguu.

Kuhusu mtoto wa farasi, Xenophon anataka apelekwe kwa mfunzaji, na waandikiane mapema atakayokuwa ameyajua akirudi, sawa na mtu anayempeleka mwanawe kujifunza ufundi. Lakini kwanza, nyumbani, azoee kwamba njaa, kiu na nzi wanaouma humpata akiwa peke yake, na nafuu huletwa na binadamu. Apapaswe pale asipoweza kujikuna. Apitishwe kwenye watu wengi na makelele. Akishtuka je? Hapo nilisoma mara mbili. Usimpige. Kiguse wewe kwanza kile kinachomtisha, kisha umsogeze taratibu. Ukimpiga ataamini maumivu yametoka kwenye kitu kile, na hofu itazidi.

Nikakumbuka hesabu. Mwalimu wetu wa darasa la sita alitoa kiboko kimoja kwa kila jibu lililokosewa, na mpaka leo nikiona sehemu na desimali viganja vinanitoka jasho. Miaka yote nilidhani ni kichwa changu kibovu. Kumbe!

Zama zizo hizo, Mfalme Philip wa Makedonia aliletewa farasi aitwaye Bucephalus, bei talanta 13. Hakuna aliyeweza kumkaribia, mfalme akaamuru aondolewe. Mwanawe Alexander, angali kijana mdogo, akagundua kuwa farasi anaogopa kivuli chake mwenyewe. Akamgeuza aelekee jua, akatembea naye akimpapasa, kisha akamrukia mgongoni. Ndivyo anavyosimulia Plutarch, aliyeandika miaka 400 na zaidi baadaye, kwa hiyo huenda kaongeza chumvi. Sisi wasimulizi tunajuana. Ila Bucephalus alipokufa mwaka 326 K.K., katika nchi ambayo leo ni Pakistan, Alexander alijenga mji akaupa jina lake.

Sura ya tatu nimeichana. Katika sura mpya shujaa wangu amesimama karibu na banda tangu alfajiri, ndoo ya maji mkononi, na farasi bado hajasogea.