Geti la Mang'ula: Miaka Zaidi ya 30 ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa

Mwanza wana Saanane. Kisiwa kile kilicho pembeni tu ya katikati ya jiji kiligeuzwa bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa. Mtoto wa mjini anapanda boti asubuhi, anamwona simba, na mchana yuko kwao anakula ugali. Ifakara hatujawahi kuwa na bustani ya namna hiyo. Sisi tuna ukuta wa milima, ambao siku mawingu yakiondoka unauona ukiwa sokoni, ukiwa stendi, hata ukiwa katikati ya jaruba la mpunga umeinama. Ndani ya ukuta ule wamo wanyama ambao Mwanza hawana, Serengeti haina, wala hawapo katika nchi nyingine yoyote duniani. Na wengi wetu huwa tunaupita ndani ya basi, tumesinzia.

Mlinzi wa ukuta huo ni Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Sehemu yake kubwa iko upande wa Iringa, wilayani Kilolo, lakini makao makuu na geti viko kwetu Mang'ula, kando ya barabara ya Mikumi–Ifakara. Jina limetokana na Wadzungwa, watu wa huko juu milimani, ndugu wa Wahehe.

Msitu haukuanza kuhifadhiwa mwaka huo. Mwanihana, Matundu, Iwonde na sehemu ya msitu wa Kilombero Magharibi ilikuwa misitu ya akiba kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa kuwa hifadhi moja. Lakini akiba ya enzi zile ilikuwa ya mbao na maji zaidi kuliko ya wanyama, na watu wa bonde waliendelea kuingia: kwa kuni, nguzo za nyumba, mitishamba, nyama, na wazee kwa matambiko. Walioingia walikuwa wachache. Kilichobadili hesabu ni sukari na reli. Mashamba ya miwa ya Kilombero yalianza miaka ya 1960 na kuvuta vibarua kutoka kila pembe ya nchi. Kisha ikaja Tazara, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, na Mang'ula ikawa kambi kubwa ya Wachina ya kutengenezea mataruma ya zege. Reli ilipokamilika, waliokuja kwa kazi wengi hawakuondoka. Wakalima na kujenga, na kila jioni kila nyumba ikahitaji mzigo wa kuni.

Sasa turudi 1979, maana hapo ndipo hifadhi hii ilipotungwa mimba, na kisa chenyewe ni kitamu.

Mwaka huo watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walipanda msitu wa Mwanihana upande wa maporomoko ya Sanje. Homewood alikuwa ameandika tasnifu yake ya udaktari juu ya nyani wadogo wa Mto Tana, Kenya, wale ambao wataalamu huwaita mangabei. Wakiwa msituni wakasikia mlio mkubwa wa kimakundi ambao haukuwa wa mbega wala wa kima. Mlio wa mangabei, katika milima ambayo kwa mujibu wa vitabu vyote haikuwa na mangabei hata mmoja! Msaidizi wao, mtu wa hapahapa, hakushangaa. Aliwaambia huyo ni ngolaga. Kama mtu anayemwonyesha mgeni mbuzi wa jirani. Baadaye wakaonyeshwa kijijini mtoto wa mnyama huyo aliyekuwa akifugwa, na ubishi ukaisha.

Dunia ikatangaziwa kwamba amegunduliwa mnyama mpya wa jamii ya nyani, na akapewa jina la Sanje. Mpya kwa nani? Ngolaga alikuwa na jina, alikuwa na tabia zinazojulikana, na bila shaka alikuwa na kesi zake na wenye mashamba. Simlaumu Homewood wala Rodgers. Walisikiliza, walimwamini mwenyeji, na waliandika. Wapo wengi waliopita kwenye misitu yetu bila kufanya hata moja la hayo. Ngolaga anaishi katika misitu miwili tu ya Udzungwa: Mwanihana na ule wa mteremko wa kusini unaoitwa Uzungwa Scarp. Hana kwingine pa kwenda.

Baada ya hapo Mwanihana ikawa haikamatiki. Mwaka 1981 akaonekana chozi asiyefahamika, mwenye mabawa ya rangi ya kutu. Rodgers na wenzake wakaanza kusukuma hoja kwamba misitu hii ipewe ulinzi wa juu kabisa, na Shirika la Hifadhi za Wanyamapori Duniani, WWF, likaingia. Hoja yao haikuwa wanyama peke yao. Mwanihana ni mahali ambapo msitu unaanza chini kabisa, kwenye meta zisizofika 300, na kupanda bila kukatika hadi zaidi ya meta 2,000. Sehemu kama hiyo ni adimu sana Afrika Mashariki, kwa sababu kwingine kote watu walishalima chini. Milima hii ndiyo ya mwisho kusini katika mnyororo wa Tao la Mashariki unaoanzia Taita, Kenya, na misitu yake imelishwa na mvua ya Bahari ya Hindi kwa muda mrefu usio wa kawaida, ndiyo maana viumbe waliotoweka kwingine wamebaki hapa kama wazee waliokataa kuhama.

Tena kuna maji. Mito ya Sanje, Sonjo na Lumemo inatoka humo. Lumemo, ndugu msomaji wa Ifakara, ndiyo hiyohiyo inayoingia mitaani mwetu masika yakizidi. Mlima ukivuliwa nguo, wa kwanza kulowa ni sisi.

Basi Oktoba 1992 hifadhi ikazinduliwa, na mgeni rasmi alikuwa Prince Bernhard wa Uholanzi, rais wa kwanza wa WWF. Maporomoko madogo yaliyo karibu na geti yakapewa jina lake. Sijaona maporomoko wala njia iliyopewa jina la yule mtu aliyeutambua mlio wa ngolaga.

Wanasayansi hawakumaliza kushangaa. Mwaka mmoja kabla ya uzinduzi, watafiti wa ndege kutoka Denmark walikuwa kambini katika msitu wa Ndundulu, magharibi zaidi, wakila mchuzi wa kuku wa porini walioletewa. Mmoja akaitazama miguu iliyokuwa ndani ya sufuria, na miguu ile haikufanana na ya kwale wa Afrika anayefahamika. Kwale wa Udzungwa akaingia katika vitabu kwa kupitia jikoni mwaka 1994, na ikaonekana ndugu zake wa karibu wako Asia. Halafu 2005 kamera za kujipiga zenyewe zikamnasa sange mwenye uso wa kijivu, mkubwa kuliko masange wote, karibu robo tatu ya kilo. Alitangazwa rasmi 2008. Kwa hiyo katika karne ya ishirini na moja, wakati watu tayari wana simu mkononi, milima hii bado ilikuwa imemficha mnyama mzima.

Nimefika kwenye kuni, na hapa sitapita haraka.

Hifadhi ya taifa nchini mwetu maana yake ni kwamba haliokotwi hata jani. Lakini Udzungwa ilipoanza, vijiji vya upande wa mashariki vilikuwa vimebanwa: mbele miwa na mpunga, nyuma mlima. Ikakubaliwa kwamba wananchi waruhusiwe kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni zilizokauka, wakati miti ya kupandwa vijijini ikikua. Waliokuwa wakiingia ni akina mama. Ruhusa iliyokusudiwa kuwa ya muda ikaendelea karibu miaka ishirini, na katika miaka hiyo wapo waliokata miti mibichi, waliobeba nguzo katikati ya mzigo wa kuni, na wapo pia ambao hawakuwahi kukata hata fito. Mwaka 2011 ruhusa ikafutwa kwa wote.

Nimesikia hoja za pande zote mbili na bado nagawanyika. Msitu wa chini ulikuwa unachujuka kweli. Watafiti walikuwa wakihesabu mbega na kuona dalili zake. Ila mama wa Mkula au Sanje aliyeamka siku ile hakuamka na gesi jikoni. Zikaja juhudi za kupanda miti, majiko banifu, na matofali ya moto yanayotengenezwa kwa pumba za mpunga, ambazo bonde hili linazo kwa milima. Baadhi zilishika, nyingine zilikufa na mradi. Historia ya hifadhi isiyotaja mzigo wa kuni uliositishwa ni historia ya upande mmoja wa uzio.

Upande wa utafiti umeacha kitu kinachoonekana: tangu 2006 pale Mang'ula kuna kituo cha ufuatiliaji wa ikolojia, kilichoanzishwa na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, pamoja na makumbusho ya sayansi ya Trento, Italia. Wanafunzi wa Kitanzania wamepita hapo kwa wingi. Na chini bondeni, pembeni ya miwa, msitu mdogo wa Magombera ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya kuvutana. Humo aligunduliwa kinyonga wa peke yake, aliyetangazwa 2009. Mtafiti Andrew Marshall alimpata pale nyoka alipomtapika mbele yake. Sehemu ya fedha za kazi ya Marshall zilitoka Flamingo Land, bustani ya wanyama na michezo ya watoto huko Yorkshire, Uingereza. Yaani Mwingereza anamlipia mwanawe kiingilio akaone twiga, na vijisenti kidogo vinashuka hadi Magombera.

Zoo na bonde hili vimewahi kukutana kwa namna ya ajabu zaidi. Huko juu ya bonde upande wa Mlimba, nje ya mipaka ya hifadhi lakini katika milima hiyohiyo, kuna korongo la Kihansi. Mwaka 1996, wakati bwawa la umeme la megawati 180 likijengwa, alipatikana chura mdogo wa manjano, si mrefu kuliko kidole gumba, asiyetaga bali huzaa watoto kamili, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko katika eneo la hekta chache tu. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakapandishwa ndege kwenda bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hayupo tena. Ukafika wakati ambapo mkazi wa New York aliweza kukata tiketi na kumwona chura wa Kilombero ndani ya kioo, na mtu wa Mlimba hakuweza kumwona hata kwa dawa. Vijiweni tulicheka: vyura wana pasi za kusafiria. Kuanzia 2010 walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaachiwa tena Kihansi chini ya manyunyu ya mabomba.

Tembo nao wana kesi yao. Zamani walishuka Udzungwa, wakavuka bonde hadi Selous, sehemu ambayo sasa inaitwa Hifadhi ya Nyerere. Mashamba yalifunga mapito hayo moja baada ya jingine, na tembo waliobaki mlimani wakageukia ndizi na mpunga wa Mang'ula. Wakulima wamejaribu uzio wa mizinga ya nyuki, kwa kuwa tembo huogopa nyuki, na asali inauzwa. Barabara ya lami ya Kidatu–Ifakara ilipojengwa, likawekwa pito la tembo chini yake. Ni kazi ya busara, ingawa ningependa ingefikiriwa kabla mashamba hayajajaa.

Udzungwa haina njia za magari ndani. Aliyezoea kuangalia wanyama akiwa ameketi kwenye dirisha la gari hapa ataona miti. Unatembea na askari au mwongozaji, unasimama, unasikiliza. Mbega mwekundu wa Udzungwa huonekana mapema, karibu kabisa na geti, akirukia matawi kama aliyesukumwa. Ngolaga hutembea chini, na mara nyingi utausikia mlio wake kabla hujamwona, kama ilivyokuwa 1979. Maporomoko ya Sanje yanashuka meta 170 kwa hatua tatu, na ukifika juu unaliona bonde lote: miwa, reli, na mpunga hadi macho yanapochoka. Wenye miguu ya kazi hupanda kilele cha Mwanihana na kulala njiani.

Raia analipa kiingilio kwa shilingi, si kwa dola. Kutoka Ifakara, panda basi la Mikumi au Morogoro, mwambie konda akushushe Mang'ula, hifadhini. Nenda na watoto, vaeni viatu vinavyoshika matope, na mchukue nguo ya kubadili.