Kinu na Mbaazi: Taarikhi ya Jiko la Machakos

Punje ya mahindi iliyokauka barabara, itiwapo baina ya magego ikabanwa, hutoa mlio mkavu kama wa kijiti kivunjikacho. Ile ambayo haijakauka hubonyea kimya, na akina mama wa vilima vya Iveti, juu ya mji wa Machakos, hawakuhitaji kipimo kingine. Nilimtazama bibi mmoja wa upande wa Kathiani akifanya hivyo asubuhi moja ya mwezi wa Februari, mjukuu wake wa kike akiwa kando yake, na mahindi yameanikwa mbele yao juu ya turubai. Alichukua punje chache kutoka kila pembe, akaziuma moja moja huku amefumba macho, na alipofika pembe ya nne akasema kwamba yarudi juani siku mbili zaidi. Yule mtoto naye akauma, akasikiliza. Tangu siku hiyo, kila nisomapo au niulizapo habari za maakuli ya Ukambani, hunijia fikira ya kwamba vyakula vyenyewe vimebadilika karibu kila zama, lakini mikono ivitengenezayo imefundishana kazi ile ile, bibi kwa mjukuu, bila kukatika.

Watu wengi, wakiulizwa chakula cha asili cha Mkamba ni kipi, hujibu bila kusita kuwa ni muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na mbaazi, kunde au maharagwe. Jawabu hilo ni la haki, ila lina fumbo ndani yake, kwani mahindi ni mgeni aliyetoka Amerika, akavushwa bahari na Wareno, na kabla ya kufika kwake jungu la nchi hii lilikuwa la mtama, uwele na wimbi. Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 na kupokewa na Kivoi, tajiri wa misafara, Wakamba walikuwa wamekwisha kuizoea njia ya Mombasa, wakishuka na pembe za ndovu na kupanda na nguo, shanga na nyaya za shaba. Na wasafiri wa namna hiyo, waendao majuma mengi kwa miguu baina ya bahari na milima, hubeba na mbegu na mapishi pia. Hata mahindi meupe, ambayo leo mama wa Machakos huyahesabu kuwa ndiyo mahindi hasa, yalienea katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, wakulima wa Kizungu walipoyapenda kwa biashara ya ng'ambo; mbegu za zamani zilikuwa na punje za rangi nyingi, nyekundu, za manjano na za zambarau katika bunzi moja.

Kilichoyafanya mahindi kuwa ya Kikamba ni kinu. Mahindi makavu hutiwa ndani ya kinu cha mti, yakanyunyiziwa maji kidogo, kiasi cha kulainisha ngozi tu na si moyo wa punje, kisha wanawake wawili hushika michi na kupokezana, mmoja akiinua mwenziwe akishusha. Wala hawatwangi kwa nguvu, kwa kuwa mchi uangukao kwa hasira huvunja punje ikawa chenga, na mwanamke apelekaye chenga jikoni huonekana hana subira. Wanasugua zaidi kuliko wanavyoponda. Ngozi ikishatoka pamoja na kile kincha kigumu cha mwisho wa punje, mahindi hupepetwa kwa ungo, pumba zikaenda kwa kuku na ng'ombe, na punje zikabaki nyeupe, laini, zisizo na ncha. Zikianikwa tena hukaa muda mrefu bila kuharibika. Zikipikwa huiva mapema kuliko isyo, ambayo ni mahindi yenye ngozi zake na maharagwe, na mahali ambapo kuni na maji hutafutwa kwa mwendo wa saa nzima, jungu liivalo mapema si jambo dogo.

Mwenzake muthokoi ni mbaazi, nazo Wakamba huziita nzuu. Msomaji wa pwani azijua mbaazi kwa tui la nazi, zikiliwa asubuhi pamoja na mahamri. Machakos hakuna mnazi, na mbaazi huchemshwa pamoja na muthokoi zikakaangwa kwa kitunguu, au zikachumwa mbichi na kubanduliwa kibarazani na nyumba nzima, watoto wakila nusu ya wanachobandua. Mbaazi zinastahili heshima kwa sababu ya saa yake. Mvua za Machakos ni mbili, na ile ya vuli, ianzayo Oktoba, ndiyo aminifu kuliko ya masika. Mbaazi za aina ya zamani hupandwa kwa vuli pamoja na mahindi, mahindi yakavunwa Februari, nazo mbaazi zikaendelea kusimama shambani peke yake, mizizi yake imezama chini sana kufuata unyevu, mpaka zikazaa katikati ya mwaka na miezi ifuatayo, wakati wa kipupwe, ghala zikiwa zimeanza kupungua na hakuna kitu kingine cha kijani mpakani. Zikishavunwa, vijiti vyake huwa kuni. Sijui mmea mwingine wa nchi hii ulioelewana na njaa kiasi hicho.

Na njaa haikuwa ngeni. Wakamba huita njaa yua, na kila yua ina jina lake, kama mtoto. Ile iliyoitwa Ngomanisye, ya miaka ya 1898 na 1899, ilikuta nchi imekwisha kudhoofishwa na sotoka iliyoua ng'ombe, ikafuatwa na ndui, wakati ule ule reli ya Uganda ilipokuwa ikipita Ukambani kuelekea Nairobi. Machakos ulikuwa mji wa serikali kabla ya Nairobi kuwa mji. Kampuni ya Waingereza ilijenga kituo hapo, John Ainsworth akakisimamia tangu 1892, na misafara iendayo Uganda ilinunua chakula katika mashamba ya vilima vile, jambo linaloonyesha neema iliyokuwapo wakati mvua haikukataa. Katika kilima cha Ngelani, mmisionari Stuart Watt na mkewe Rachel, waliofika mwaka 1893 baada ya kutembea kutoka pwani pamoja na watoto wao, walipanda miti ya matunda, na mtu apandaye leo Iveti au Mua akiona maparachichi, machungwa na maembe nyuma ya kila nyumba aona jinsi mgeni mwingine alivyopokewa akafanywa mwenyeji.

Maziwa yana taarikhi chungu zaidi. Nyumba ya Mkamba wa zamani ilikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando, na mtoto aliyeacha ziwa la mama alipewa hayo pamoja na uji wa uwele au wimbi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni, ikitaja kumomonyoka kwa udongo, iliamuru ng'ombe wapunguzwe kwa nguvu, wakakamatwa na kuuzwa kwa bei hafifu, huku kiwanda kipya cha nyama kikifunguliwa Athi River. Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu, waume kwa wake na watoto, wakaenda Nairobi kwa miguu na kupiga kambi huko majuma kadhaa wakitaka kusikilizwa na gavana. Alihamishiwa Lamu kama mfungwa, lakini amri ya kuwakamata ng'ombe iliachwa. Vitabu husimulia kisa hicho kama cha siasa, nacho ni cha siasa kweli. Ila mimi hukisoma pia kama kisa cha jikoni, kwa kuwa waliotembea wale walitembea kwa ajili ya kibuyu kilichoangikwa ukutani.

Udongo nao uliponywa na watu wenyewe. Mwethya, desturi ya jirani kukusanyika kufanya kazi ya mmoja wao kisha ya mwingine, iligeuka kuwa jeshi la akina mama wenye majembe, waliochimba matuta kuzunguka vilima vyote, wengine wamebeba watoto mgongoni kwa leso. Serikali iliwashurutisha mwanzoni, na baadaye walichimba kwa hiari yao walipoona kwamba tuta lashika maji. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika mwaka 1994 kwamba watu wa wilaya ya Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na udongo uliotabiriwa kufa ulikuwa katika hali bora. Watoto wale wa mgongoni nao waliandikwa. Katika miaka ya 1970 wataalamu walikwenda nyumba kwa nyumba katika lokesheni za Matungulu na Mbiuni wakihesabu uzazi, maradhi na vifo, wakakuta kuwa wengi walizaliwa nyumbani mikononi mwa wakunga wa kijiji, na kwamba takriban wote walinyonyeshwa.

Mbegu ziliendelea kubadilika. Kituo cha utafiti cha Katumani, karibu na mji, kilitoa mwishoni mwa miaka ya 1960 mahindi yaivayo upesi kabla mvua haijakatika, nayo yakaingia kinuni kama yale ya kabla yake. Lakini mwaka 1984 mvua zilikataa kabisa, na yua ile ikaitwa Nikwa Ngwete, maana yake nafa nikiwa nazo, yaani fedha mkononi na dukani hakuna cha kununua; serikali ikaleta mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na wengi wakayala kwa huzuni. Wakati huo huo alikuwa amekwisha kuvuka mpaka, kupitia Taveta, dumuzi mkubwa wa nafaka, mdudu wa Amerika ya Kati aliyeyafuata mahindi kutoka kwao baada ya karne nyingi. Majivu na moshi wa jikoni, uliozoea kuwafukuza wadudu wa zamani kutoka mabunzi ya mbegu yaliyoangikwa juu ya mafiga, haukumweza. Tanzania walimwita Skania. Ukambani, miaka ya baadaye, wakamwita Osama.

Nimefika mahali pazito, na sitapaharakisha. Wapo wasemao kwamba chakula cha shambani kwako, kilichopikwa jikoni kwako, hakina madhara, na nusura niandike hivyo mimi mwenyewe. Mwaka 2004 watu 317 wa Makueni, Kitui, Machakos na Thika waliugua ini kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumukuvu, nao 125 wakafariki. Mahindi yale mengi yalikuwa ya nyumbani. Mvua ilinyesha wakati wa mavuno, na watu waliyaingiza ndani kabla hayajakauka, wengine wakiyalaza chumbani wanamolala, kwa kuwa chakula kilikuwa haba na wezi wakiogopwa. Kuvu lisiloonekana likamea gizani. Haikuwa kwamba akina mama wamesahau kuuma punje. Mwenye njaa hana siku mbili za kungoja jua. Baadaye wataalamu walipopima muthokoi wakaona kuwa kukoboa huondoa sehemu kubwa ya sumu ile, kwa kuwa hukaa zaidi katika ngozi na kincha, ingawa haiishi yote; basi kazi ile ya kinu, ambayo vijana walikuwa wameanza kuihesabu kuwa ni usumbufu wa bure, ilikuwa inalinda watu bila mtu kujua.

Siku hizi maafisa wa kilimo hufundisha kipimo kingine: chumvi kavu hutiwa katika chupa kavu pamoja na mahindi, ikatikiswa, na chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Ni kipimo chema. Yule bibi wa Kathiani anacho, chupa iko rafuni, lakini huanza na magego kwanza. Kukoboa kwenyewe sasa hufanywa na mashine, na sokoni Machakos muthokoi huuzwa kwa debe na kwa kikombe, tayari kwa jungu.

Kaunti ina watu 1,421,932 kwa sensa ya 2019, na wengi wao hawaishi tena vilimani. Wako Mlolongo, Athi River na Syokimau, mahali palipopewa jina la nabii mwanamke wa Kikamba ambaye husimuliwa kuwa alitabiri nyoka mrefu aendaye kutoka bahari hadi bahari, na ambapo tangu 2012 kuna stesheni ya treni. Huko, katika nyumba ya kupanga ghorofa ya nne, niliona kikapu cha kyondo kimeletwa na matatu ya jioni, ndani yake mbaazi mbichi, maparachichi mawili yaliyofungwa kwa gazeti, na muthokoi wa kilo kama tatu. Binti wa yule bibi alitua mzigo mezani, akamtuma mtoto alete sufuria, akachota punje mbili kutoka chini kabisa ya kyondo, na kabla ya kuvua koti la kazini akaziuma.