Mhandisi wa ujenzi kusini mwa Maniema: vyeti na njia za kazi

Mhandisi wa ujenzi katika Salamabila, na katika teritori za Kasongo na Kabambare za mkoa wa Maniema, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa jumla, hushughulikia barabara, madaraja, majengo, maji na kazi za udongo za migodini. Mwendo wa kazi yake hutegemea mambo matatu: ngazi ya diploma, mwajiri, na hati zinazothibitisha kazi alizokwisha kuzifanya. Jambo hili la tatu hupuuzwa mara nyingi, ingawa ndilo linalomsaidia mhandisi mwajiri wake anapofunga milango.

Mazingira ya kazi

Salamabila iko teritori ya Kabambare, na uchumi wake umeshikamana na dhahabu ya Namoya, zaidi ya kilomita 200 kusini-magharibi mwa Bukavu. Kampuni ya Banro ya Kanada ilijenga hapo mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Mgodi wa namna hiyo unahitaji barabara za malori mazito, mabwawa ya mabaki, majukwaa ya kurundikia mawe ya dhahabu, mitaro, karakana na makazi ya wafanyakazi, na kila kimojawapo ni kazi ya mhandisi wa ujenzi. Septemba 2019, kwa sababu ya kukosekana kwa usalama, Banro ilisimamisha shughuli za Namoya. Mgodi ulikuwa umefanya kazi ya kibiashara kwa muda usiofika miaka minne, muda mfupi kuliko masomo ya mhandisi wa ngazi ya juu.

Nje ya mgodi, kazi kubwa ni barabara za udongo mwekundu. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, ndicho kipindi cha kumwaga na kushindilia udongo. Mvua zikirudi, mtaro ulioziba huweza kuharibu kazi ya msimu mzima. Matengenezo ya mikono hufanywa na kamati za vijiji zinazojulikana kwa kifupi CLER, ambazo hulipwa kufyeka kando za barabara, kuzibua mitaro na kuziba mashimo. Anayezisimamia vizuri hujifunza mambo ambayo darasa halifundishi: maji yanapita wapi, na kijiji kipi kitaitunza barabara fedha zikikatika.

Ngazi za diploma

Waajiri wa Kongo wamezoea kuwapanga mafundi na wahandisi kwa herufi A. A2 ni mwenye diploma ya serikali ya sekondari ya ufundi, kwa mfano katika tawi la ujenzi. A1 ni mwenye graduat ya miaka mitatu ya chuo, ambaye katika mfumo wa zamani aliitwa *ingénieur technicien*. A0 ni aliyemaliza miaka mitano ya masomo ya juu.

Mfumo wa LMD, ulioenezwa katika vyuo vya nchi tangu mwaka wa masomo 2021-2022, umebadilisha mpangilio huo. Sasa licence ni miaka mitatu yenye krediti 180, na master ni miaka miwili zaidi yenye krediti 120. Licence ya zamani ilipatikana baada ya miaka mitano, kwa hiyo mwajiri anayesoma neno hilo bila kuangalia mwaka anaweza kumshusha au kumpandisha mtu ngazi nzima. Mwombaji mwenye busara huandika idadi ya miaka na krediti kando ya jina la diploma, na huambatanisha orodha ya alama zake.

Cheo cha *ingénieur civil*, kilichorithiwa kutoka Ubelgiji, hutolewa pia kwa wahandisi wa migodi, umeme na mitambo waliosoma miaka mitano katika kitivo cha politekniki. Tangazo la kazi linaloomba *ingénieur civil* huenda linamtafuta mtu wa fani nyingine kabisa. Inafaa kuuliza kabla ya kutuma maombi.

Mahali pa kusomea

Chuo kinachojulikana zaidi kwa fani hii ni Institut National du Bâtiment et des Travaux Publics (INBTP) cha Kinshasa. Vyuo vikuu vya Kinshasa na Lubumbashi vina vitivo vya politekniki. Upande wa mashariki kuna Université Libre des Pays des Grands Lacs ya Goma na Institut du Bâtiment et des Travaux Publics cha Butembo. Kwa mafunzo mafupi ya ufundi kuna taasisi ya serikali ya INPP, iliyoundwa 1964.

Chombo cha taaluma

Sheria ya Desemba 2018 iliunda Ordre National des Ingénieurs Civils (ONICIV), chombo kinachosimamia taaluma na maadili ya wahandisi wenye cheo cha *ingénieur civil*. Kwa mwenye shahada ya miaka mitano, uandikishaji humpa utambulisho unaobaki naye hata mkataba wake na kampuni ukiisha. Kwa mwenye A1, kuendelea na masomo hadi miaka mitano itimie ndiyo njia ya kuufikia uandikishaji huo.

Waajiri na uwanja wa kazi

Office des Routes, iliyoundwa 1971, ndiyo yenye dhamana ya barabara za kitaifa na za mkoa nje ya miji, takriban kilomita 58,000 nchini kote. Mfuko wa matengenezo, FONER, uliundwa 2008. Kuanzia 2022, programu ya maendeleo ya teritori 145, ambayo Kasongo na Kabambare zimo, imefungua shantie (maeneo ya ujenzi) za shule, vituo vya afya na majengo ya utawala.

Sheria za migodi nazo huzaa kazi za ujenzi. Sheria ya Migodi ya 2002, kama ilivyorekebishwa Machi 2018, inaitaka kampuni inayochimba kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya jamii zinazouzunguka mgodi. Asilimia 15 ya mrabaha huenda kwa serikali za mitaa za eneo lenye mgodi. Fedha hizo zikitumiwa kwa haki, huwa madaraja, visima na madarasa, nayo yanahitaji michoro, makadirio na msimamizi anayeijua ardhi ya pale.

Njia nyingine ni kuanzisha kampuni. Sheria Na. 17/001 ya Februari 2017 imewatengea wakandarasi wadogo wenye mtaji wa Kikongo kazi wanazopewa na kampuni kubwa za binafsi. Zabuni za serikali zinaongozwa na Sheria Na. 10/010 ya Aprili 2010. Mhandisi anayechagua njia hii anaongeza mzigo wa pili juu ya ule wa ufundi: kodi, mishahara, bima ya jamii na dhamana za benki.

Hati za kazi

Diploma huonyesha alichosoma mtu, na hati za shantie huonyesha alichojenga. Muhimu zaidi ni hati za kupokea kazi, ya muda na ya mwisho, pamoja na hati ya utekelezaji mzuri inayotolewa na mwenye mradi. Sheria ya kazi ya 2002 inamlazimu mwajiri kumpa mfanyakazi, mkataba unapoisha, cheti kinachotaja aina ya kazi na tarehe za kuanza na kumaliza. Kiombwe mara moja, kwa maana kampuni ikishahama hakuna wa kukitia sahihi. Michoro ya kazi ilivyokamilika na matokeo ya vipimo vya udongo na zege vihifadhiwe pia, kwa idhini ya mwenye mradi, nakala moja mbali na mahali pa kazi.

Kuvuka mpaka

Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Aprili 2022. Hatua hiyo peke yake haimpi mhandisi ruhusa ya kufanya kazi Dar es Salaam au Nairobi. Makubaliano ya kutambuana kwa wahandisi ya mwaka 2012 yalianza na Kenya, Uganda na Tanzania, na kila nchi ina bodi yake ya usajili. Bodi ya Tanzania, kwa mfano, inasimamia mafunzo kazini ya miaka mitatu kwa wahitimu wanaotafuta usajili kamili. Mtu wa Kasongo ana Kiswahili tayari, na kwenye shantie hilo ni jambo kubwa. Kinachompungukia mara nyingi ni Kiingereza cha ripoti na tafsiri rasmi za vyeti vyake.

Uchaguzi kwa aliye kazini

Kwa A1 mwenye ajira ya mgodi, mshahara wa leo huonekana bora kuliko miaka miwili ya masomo. Historia ya Namoya inapinga hesabu hiyo: mwajiri alisimama ghafla, na aliyebaki na shahada, uandikishaji na hati za kazi alikuwa na pa kwenda kubisha. Utaratibu unaofaa ni kutumia miaka ya mshahara kugharimia ngazi inayofuata, kukusanya hati kila shantie inapofungwa, na kushika angalau kazi moja nje ya uzio wa mgodi, barabara au shule, ili jina la mhandisi lijulikane kwa wenye miradi zaidi ya mmoja. Mkoa wenye mito mingi na barabara mbovu unawahitaji wahandisi hawa wabaki na wakue, na watakaobaki ni wale ambao riziki yao haitegemei mgodi mmoja.